Je, Uhai Waweza Kuwa na Sura Nyingine? Historia ya Swali la Kale



Kati ya maswali yanayoletwa katika vikundi vyetu vya parokia, liko moja linalorudi kila mara vijana wanapokwisha kutazama filamu au kusikia habari za vyombo vinavyorushwa angani: je, kuna viumbe hai nje ya dunia yetu? Nyuma ya swali hilo limejificha lingine lenye uzito zaidi: ikiwa siku moja vikipatikana, imani yetu itasimama au itaanguka? Wako wanaojibu kwa haraka kwamba kuuliza hivyo ni dhambi. Wako pia wanaojibu kwa haraka vilevile kwamba wataalamu wamekwisha kuviona na wanatuficha. Majibu hayo mawili yana upungufu mmoja: hayajui historia.

Katika tafakari hii tutaifuata njia ya swali hilo tangu mji wa Paris wa karne ya 13 hadi miezi ya Mshtarii na Zohali. Njiani tutaona makosa mawili yakirudiwa na watu wenye akili nyingi. Kosa la kwanza ni kuuwekea uhai mpaka kwa kipimo chetu wenyewe, kana kwamba kisichofanana nasi hakiwezi kuishi. Kosa la pili ni kuona kile tunachotamani kukiona, na kukitangaza kabla hakijathibitishwa. Kijana anayeyafahamu makosa haya hatatishwa na habari yoyote itakayotoka angani.

Paris, 1277: mikono ya Mungu haifungwi

Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle alifundisha kwamba ulimwengu ni mmoja tu, wala hauwezi kuwapo mwingine. Hoja yake ilikuwa hii: kila kitu cha udongo huanguka kuelekea kitovu cha ulimwengu. Kama kungekuwa na ulimwengu wa pili, udongo wake nao ungekitafuta kitovu hichohicho, na hivyo malimwengu mawili yasingeweza kukaa mbalimbali. Vitabu vyake vilipofika katika chuo kikuu cha Paris, waalimu wengi waliipokea hoja hiyo. Hata Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliona kwamba ulimwengu ni mmoja.

Tarehe 7 Machi 1277, Askofu wa Paris, Étienne Tempier, alitoa orodha ya mafundisho 219 aliyoyakataza. Moja lilikuwa lile lisemalo kwamba Mungu, aliye asili ya vyote, hawezi kuumba malimwengu mengi. Tulielewe vema jambo hili. Askofu hakusema kwamba malimwengu mengi yapo. Alisema tu kwamba hakuna mwalimu mwenye mamlaka ya kumwambia Muumba, "Hili huliwezi." Miaka 100 baadaye Nicole Oresme, padri na mtaalamu wa hesabu aliyekuja kuwa askofu wa Lisieux, aliandika kwamba hoja za Aristotle hazitoshi: Mungu angeweza kabisa kuumba malimwengu mengine. Hata hivyo Oresme mwenyewe aliendelea kuamini kwamba ulimwengu ni mmoja. Alijua kwamba "yawezekana" ni neno moja, na "yapo" ni neno lingine. Tulishike jambo hilo, maana litatufaa hadi mwisho.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Mjerumani Nikolaus wa Cusa. Katika kitabu chake cha mwaka 1440 kuhusu ujinga wenye elimu, aliandika kwamba dunia si kitovu cha vyote, na kwamba huenda sehemu nyingine za mbingu zina wakazi wake. Kisha akaongeza jambo lililowazidi watu wa wakati wake: wakazi hao wasingekuwa na ulinganifu nasi, hata tusingeweza kuwafahamu kwa kujitazama sisi wenyewe. Hilo ndilo swali letu lote, nalo liliandikwa zaidi ya miaka 580 iliyopita. Mwandishi huyo hakuadhibiwa. Mwaka 1448 alifanywa kardinali.

Katika karne hiyohiyo Mfransisko mmoja wa Ufaransa, Guillaume de Vaurouillon, aliyefariki mwaka 1463, aliuliza kama kifo cha Kristo hapa duniani kingetosha kuwakomboa wakazi wa ulimwengu mwingine, kama wangekuwapo. Akajibu kwamba kingetosha, hata kama malimwengu yangekuwa bila idadi. Kwa hiyo kijana anayeuliza leo juu ya imani na viumbe vya mbali haanzishi uasi. Anaingia katika mazungumzo ambayo Kanisa limekuwa nayo kwa muda mrefu.

Ukweli hauruhusu kuficha upande wa giza. Tarehe 17 Februari 1600, Giordano Bruno, aliyefundisha kwamba malimwengu yenye wakazi hayana mwisho, alichomwa moto hai mjini Roma. Mashtaka yake yalikuwa mengi, na mengine yalihusu Utatu Mtakatifu na Ekaristi. Lakini hakuna shtaka linalohalalisha moto ule. Mwaka 2000 Kardinali Angelo Sodano, katibu wa dola wa Vatikani, aliandika kwamba kifo hicho ni sababu ya majuto makubwa kwa Kanisa. Hofu ya swali ilizaa dhambi kubwa kuliko swali lenyewe.

Mifereji ya Mirihi, na uzio wa Tervuren

Darubini zilipoboreshwa, macho yalielekezwa kwenye sayari ya Mirihi. Padri Angelo Secchi, Mjesuiti wa Roma aliyekuwa wa kwanza kuzipanga nyota katika makundi kwa kuchunguza rangi za mwanga wake, aliichora sayari hiyo mwaka 1858 na kuliita doa moja refu *canale*. Mwaka 1877 mwanafalaki wa Milano, Giovanni Schiaparelli, alichora mistari mingi na kuiita *canali*. Kwa Kiitaliano neno hilo laweza kuwa mkondo wa asili au mfereji uliochimbwa. Waliolipeleka katika Kiingereza walichagua maana ya pili, na mfereji uliochimbwa unahitaji mchimbaji.

Tajiri Mmarekani Percival Lowell aliichukua maana hiyo kwa moyo wote. Mwaka 1894 alijenga kituo cha darubini kule Flagstaff, Arizona, akachora mamia ya mistari iliyonyooka. Akaandika vitabu akieleza kwamba Mirihi ni sayari inayokauka, na kwamba wakazi wake wenye hekima wamechimba mifereji ili kuleta maji kutoka kwenye barafu ya ncha zake. Magazeti yalishangilia.

Mwaka 1903, Edward Maunder wa Greenwich, Uingereza, alifanya jaribio ambalo kila mwalimu angelipenda. Aliwaketisha wavulana wa shule mbele ya picha ya sayari isiyo na mfereji hata mmoja, bali vitone na madoa madogo yaliyotawanyika. Aliwapanga kwa umbali tofauti akawaambia wachore walichokiona. Wengi wa wale walioketi si karibu mno wala si mbali mno walichora mistari iliyonyooka. Hawakudanganya. Jicho likishindwa kuvitenganisha vitone huviunganisha, na akili hukamilisha kazi iliyobaki.

Hapa tutue kidogo, maana miaka ileile inatuhusu sisi Wakongomani. Mwaka 1897, wakati Ulaya na Marekani zikisoma kwa hamu habari za wenye hekima wa Mirihi, Wakongomani 267 walipelekwa Ubelgiji na kuwekwa katika vijiji vya maonyesho pale Tervuren, karibu na Brussels, ili umati upite ukiwatazama. Saba kati yao walifia huko, na makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren hadi leo. Pimeni jambo hili. Viumbe ambao hakuna aliyewahi kuwaona walipewa akili, utawala na ufundi wa hali ya juu. Watu waliosimama mbele ya macho, wenye lugha, nyimbo na wazazi, walitazamwa kama vitu vya ajabu. Waliotazama Mirihi walijitafuta wenyewe, wakajipata pasipokuwa na mtu. Waliopita Tervuren nao walijitafuta wenyewe, na kwa kuwa sura ilikuwa tofauti, wengi hawakumtambua ndugu aliyekuwapo. Asiyejua kipimo kingine ila uso wake mwenyewe hukosea mbinguni na duniani pia.

Ndoto ya mifereji ilikoma Julai 1965, chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 4 kilipopita karibu na Mirihi na kutuma picha zipatazo 20 hivi. Zilionyesha jangwa lenye mashimo yaliyopigwa na vimondo, kama uso wa mwezi. Hapakuwa na mfereji wala mchimbaji.

Chini ya bahari na chini ya ziwa letu

Lowell aliona uhai mahali usipoonekana. Wengine walifanya kosa la upande wa pili: waliukana mahali ulipokuwapo. Katika miaka ya 1840, Mwingereza Edward Forbes, baada ya kuchunguza bahari ya Ugiriki, aliona kwamba kadiri unavyoshuka ndivyo viumbe vinavyopungua. Akakata kauli kwamba chini ya mita 550 hivi hakuna kinachoishi. Hoja ilikuwa ya busara: huko kuna giza, baridi na uzito wa maji unaoponda. Lakini mwaka 1860 waya wa telegrafu uliovutwa kutoka vilindi vya Mediteranea ulitoka na viumbe vikiwa vimeung'ang'ania. Kisha meli ya Challenger, iliyozunguka bahari za dunia kati ya 1872 na 1876, ilivua viumbe hai kutoka kina cha maelfu ya mita.

Hata hivyo mpaka mmoja ulibaki, nao ulionekana imara kuliko yote: jua. Kila mwanafunzi alifundishwa kwamba mimea hujilisha kwa mwanga wa jua, wanyama hula mimea, na hivyo uhai wote hutegemea mwanga. Mwezi Februari 1977 wataalamu wa miamba na wa maji ya bahari walishuka kwa chombo kidogo kiitwacho Alvin karibu na visiwa vya Galápagos, kwenye kina cha mita 2,500 hivi. Walikuwa wakitafuta chemchemi za moto. Walizipata, na kuzizunguka wakakuta kundi la viumbe ambalo hakuna aliyelitazamia: kome wakubwa, kaa weupe, na minyoo mirefu yenye kichwa chekundu, mingine ikifikia urefu wa mita 2. Minyoo hiyo haikuwa na mdomo wala tumbo la chakula.

Inakula nini, basi? Jibu lilianza kwa mwanafunzi. Mwaka 1980, katika chuo kikuu cha Harvard, Colleen Cavanaugh alimsikia mtaalamu akieleza kwamba ndani ya mnyoo huo kumepatikana punje za salfa. Alisimama akasema kwamba bila shaka mna bakteria ndani yake. Uchunguzi ulithibitisha. Bakteria hao hupata nguvu kwa kuiunguza gesi ya salfa yenye harufu ya yai bovu, ambayo kwetu ni sumu, nao humlisha mnyoo kutoka ndani. Hapo palikuwa na uhai uliokula chakula kilichotoka tumboni mwa dunia badala ya chakula kinachotokana na mwanga.

Mwaka huohuo wa 1977, Wamarekani Carl Woese na George Fox walitangaza kwamba vijiumbe fulani vinavyotoa gesi ya metani, vilivyodhaniwa kuwa bakteria wa kawaida, ni tawi lingine kabisa la uhai. Siku hizi huitwa arkea. Vilikuwa pamoja nasi siku zote, katika matope na katika matumbo ya ng'ombe, ila hatukuvitambua.

Vijana wa Goma na Bukavu hawahitaji kwenda mbali kuvikuta. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485, na chini ya mita 70 hivi maji yake hayana oksijeni tena. Samaki hawezi kuishi huko. Lakini arkea huishi huko, nazo zimechangia kutengeneza metani ile ambayo leo watu huivuta ziwani ili kuzalisha umeme. Tazameni namna zinavyofanya. Gesi iitwayo dioksidi ya kaboni, inayotoka chini ya volkeno zetu na kujikusanya mabondeni, ndiyo tunayoiita mazuku. Imeua mbuzi, na imeua watoto. Baadhi ya arkea huichukua gesi hiyohiyo, huiunganisha na hidrojeni, na kutokana na muungano huo hupata nguvu ya kuishi. Kinachokatiza pumzi ya mtoto huko Goma ni chakula cha kiumbe kingine vilindini chini ya mtumbwi.

Na tusidhani kwamba sisi ndio wenyeji wa kale na arkea ndio wageni. Hapo mwanzo hewa ya dunia haikuwa na oksijeni. Ilianza kujikusanya miaka bilioni 2.4 hivi iliyopita, ikitolewa na vijiumbe vinavyotumia mwanga, na kwa vingi vilivyoishi wakati huo ilikuwa sumu. Sisi tunaovuta oksijeni ni wazao wa waliojifunza kuishi na sumu hiyo.

Mfano wa mwisho wa hapa duniani unatoka katika mgodi wa dhahabu wa Mponeng, Afrika Kusini. Mwaka 2008 wachunguzi walieleza habari za bakteria mmoja aliyepatikana katika maji ya mwamba, kwenye kina cha kilomita 2.8. Anaishi karibu peke yake, bila jua na bila oksijeni. Nguvu zake zinatokana na urani iliyomo mwambani: mnururisho wake huvunja maji na kutoa hidrojeni, na bakteria huitumia. Sisi tunaolijua jina la Shinkolobwe tumezoea kuiona urani kama chanzo cha kifo. Kumbe hata hapo uhai umepata riziki.

Kutafuta usichokifahamu

Basi, ikiwa dunia yetu yenyewe ilitushangaza namna hii, tutautafutaje uhai mahali pengine? Ugumu huu ulijionyesha mwaka 1976, vyombo viwili vya Marekani, Viking 1 na Viking 2, vilipotua Mirihi. Vilibeba majaribio matatu ya kutafuta vijiumbe. Katika moja, udongo ulimwagiwa maji yenye chakula, ili ionekane kama kuna kitu kitakachokila na kutoa gesi. Gesi ilitoka! Lakini kifaa kingine kilichotafuta mabaki ya viumbe udongoni hakikupata cha kutosha kuthibitisha. Wengi walihitimisha kwamba ilikuwa kazi ya kemikali tu. Jaribio lenyewe lilikuwa na mpaka ndani yake: lilidhani kwamba kiumbe wa Mirihi atapenda chakula cha duniani. Ni kama kumwandalia mgeni ugali na samaki, na asipokula tukasema hana tumbo.

Tangu zamani wamekuwapo waliofikiri juu ya uhai uliojengwa kwa namna nyingine kabisa. Mwaka 1891 Mjerumani Julius Scheiner aliwazia viumbe ambao miili yao ingetumia silikoni badala ya kaboni. Wazo hilo lina sababu, kwa maana silikoni, kama kaboni, huweza kushikana na vitu vinne kwa wakati mmoja. Lina tatizo pia. Kaboni ikiungana na oksijeni huwa gesi, nasi huitoa kwa kila pumzi. Silikoni ikiungana na oksijeni huwa mchanga. Kiumbe wa silikoni mwenye kuvuta oksijeni angelazimika kutoa mchanga kila anapopumua. Ndiyo maana wataalamu wengi huona kwamba kaboni ina nafasi kubwa zaidi, ingawa hawaufungi mlango kwa mahali penye hali tofauti na yetu.

Mwaka 2007 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti juu ya jambo hilihili. Ilieleza kwamba uhai unahitaji chanzo cha nguvu, joto linaloruhusu kemikali kushikana bila kuungua, na huenda kimiminika cha kuzibeba. Lakini si lazima kimiminika hicho kiwe maji, wala si lazima urithi uandikwe kwa namna ya DNA yetu. Ripoti ilionya kwamba jambo la kusikitisha kuliko yote lingekuwa kukutana na uhai mgeni na kuupita bila kuutambua. Mkongomani anayekumbuka Tervuren anauelewa uzito wa onyo hilo.

Mahali pa kutafuta hapajakosekana. Tarehe 14 Januari 2005 chombo cha Ulaya kiitwacho Huygens kilitua juu ya Titan, mwezi mkubwa wa Zohali. Huko baridi hufikia nyuzi 180 chini ya sifuri. Kuna mvua, mito na maziwa, lakini si ya maji: ni ya metani na etani. Kama kuna kiumbe katika maziwa hayo, damu yake haiwezi kuwa kama yetu. Mwaka huohuo chombo cha Cassini kiligundua kwamba mwezi mwingine wa Zohali, Enceladus, hurusha maji angani kutoka bahari iliyo chini ya barafu yake. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba maji hayo yana hidrojeni, pamoja na dioksidi ya kaboni na metani. Mnakumbuka arkea za Ziwa Kivu? Chakula chao kipo huko. Lakini chakula mezani hakithibitishi kwamba kuna mlaji nyumbani, kwa sababu mwamba na maji ya moto vyaweza kutoa hidrojeni bila kiumbe chochote. Oktoba 2024 chombo kingine, Europa Clipper, kilirushwa kuelekea Europa, mwezi wa Mshtarii wenye barafu, nacho kinatazamiwa kufika mwaka 2030.

Wakati huohuo kosa la Lowell halijafa. Mwaka 1996 ilitangazwa kwamba jiwe la Mirihi lililookotwa Antaktika mwaka 1984 lina alama za vijiumbe vya kale. Hata rais wa Marekani alilizungumzia. Baadaye wataalamu wengi walionyesha kwamba alama zile zaweza kutokea bila uhai. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba bakteria wa ziwa Mono, California, wanaweza kutumia sumu ya aseniki kujenga miili yao mahali pa fosforasi. Mwaka 2012 wachunguzi wengine walirudia kazi hiyo na kuona kwamba haikuwa hivyo, na mwaka 2025 jarida lililoitoa liliiondoa, ingawa waandishi wake hawakukubali. Hilo si jambo la kuwacheka wanasayansi. Kupimana na kusahihishana mbele ya wote ni heshima yao, na sisi waumini tunaweza kujifunza kwao.

Imani itasimama?

Kanisa la leo halikimbii swali hili. Papa Leo XIII alianzisha upya kituo cha darubini cha Vatikani mwaka 1891, na mapadri wataalamu wanafanya kazi humo hadi sasa. Mwaka 2008 mkurugenzi wake, Padri José Gabriel Funes, Mjesuiti kutoka Argentina, alieleza katika gazeti la Vatikani kwamba kuamini uwezekano wa viumbe vya mbali hakupingani na imani, kwa kuwa hatuwezi kuuwekea mipaka uhuru wa Mungu wa kuumba. Sauti ya Paris ya 1277 inasikika humo. Novemba 2009 Chuo cha Kipapa cha Sayansi kiliwakusanya wataalamu, waumini na wasioamini, kujadili suala hili kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo, ndugu vijana, mkisikia siku moja kwamba uhai umepatikana, msitetemeke. Yaelekea utakuwa vijiumbe visivyo na macho wala neno, visivyoweza kutenda dhambi wala kuhubiriwa. Vitaongeza jina moja katika orodha ya kazi za Muumba, orodha ambayo hakuna katekista aliyewahi kuimaliza. Na kama watakuwa viumbe wenye akili na hiari, basi swali la Mfransisko yule wa karne ya 15 litatungoja, nasi tutalijadili kwa utulivu kama alivyolijadili yeye.

Lakini mkisikia habari hiyo, msikimbilie pia kuitangaza. Amri ya nane inayotukataza ushuhuda wa uongo haiishi kwenye mipaka ya kijiji. Inafika hadi angani, na hadi katika simu zetu. Kabla ya kumtumia mwenzako habari, uliza mambo manne: nani amesema? Amepima nini hasa? Kuna mwingine aliyerudia kipimo hicho akapata jibu hilohilo? Kuna maelezo mengine yasiyohitaji kiumbe hai? Lowell alikuwa mtu mwerevu mwenye darubini nzuri. Alichokosa ni subira ya kuuliza swali la nne.

Tunayemwamini aliumba minyoo isiyo na mdomo kwenye giza la bahari na kumlisha kiumbe mpweke ndani ya mwamba wa Mponeng, kabla hatujajua kwamba vipo. Hakutuomba kibali. Anayekiri hivyo hana sababu ya kuogopa sura ngeni, iwe juu ya Titan au mlangoni pa nyumba yake. Tena ana wajibu wa kuitazama mara mbili kabla ya kuipita.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Askofu Tempier alisema Mungu anaweza, lakini hakusema malimwengu mengine yapo. Ni mambo gani mengine katika maisha yetu ambamo tunachanganya "yawezekana" na "ipo"?

2. Kwa nini watu wa mwaka 1897 walikuwa tayari kuwapa akili wakazi wa Mirihi, na si watu walioletwa Tervuren? Ni nani leo, katika mtaa au parokia yetu, tunayempima kwa kufanana kwake nasi?

3. Chagueni habari moja ya ajabu mliyoipokea kwa simu mwezi huu. Ipimeni pamoja kwa yale maswali manne.